Gari Lililokataa Kutulia

Tarehe 10 Machi 2022, kwenye uwanja wa Sakhir nchini Bahrain, gari la Mercedes lilitoka gerejini likiwa kama limekatwa mbavu. Majuma mawili tu nyuma, katika majaribio ya Barcelona, gari hilohilo, W13, lilikuwa na mashavu mawili ya kawaida ubavuni, yale yanayoficha rejeta na kuielekeza hewa nyuma. Sasa mashavu yamebanwa hadi yakashikana na injini, rejeta zimesimamishwa ndani ya upenyo ambao mtu angeapa hauzitoshi, na mhimili wa kumkinga dereva akigongwa ubavuni umejitokeza nje peke yake, umevikwa ganda lenye umbo la bawa, na kioo cha kutazamia nyuma kimepandishwa juu yake. Wapiga picha walilizingira. Swali lililozagaa siku hiyo lilikuwa moja: je, hawa wameona kitu ambacho wengine wote hawakukiona?

Lilikuwa gari zuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu tangu wakati huo limezoeleka kutajwa kama mfano wa kiburi, na mimi sikubaliani. Waliolichora ndio waliotwaa ubingwa wa timu mara nane mfululizo, kuanzia 2014 hadi 2021, jambo ambalo hakuna timu nyingine ya langalanga (Formula 1) iliyowahi kulifanya. Walikuwa na haki ya kuthubutu. Kanuni zilikuwa mpya kabisa, na timu inayosubiri kuona wenzake wamechora nini huwa imeshachelewa. Kilichofuata, yaani miezi na hatimaye miaka ya kulisaka kosa ndani ya kazi ya mikono yao wenyewe huku mbio zikiendelea kila baada ya wiki moja au mbili, ndicho ninachotaka kukisifu. Naamini ufundi wa langalanga huonekana vizuri zaidi hapo kuliko kwenye gari linaloshinda tangu siku ya kwanza, maana gari linaloshinda halimlazimishi fundi kujua kwa nini linashinda.

Kanuni za 2022 ziliirudisha fikra ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Colin Chapman na watu wake wa Lotus, Peter Wright akiwa miongoni mwa vinara wa utafiti huo, walionyesha kwamba tumbo la gari linaweza kufanywa bawa lililopinduliwa. Hewa ikipitishwa kwenye njia nyembamba chini ya gari huongeza kasi, shinikizo lake hushuka, na gari hufyonzwa kuelekea barabarani. Dereva wao, Mario Andretti, alitwaa ubingwa wa 1978 kwa gari la namna hiyo. Baadaye magari hayo yalionekana kuwa ya hatari, na kuanzia 1983 sakafu bapa ikawa sheria. Kwa karibu miaka 40 wahandisi wakajifunza kuitafuta nguvu ya kulikandamiza gari kwingineko: kwenye mabawa, na kwenye vijipande visivyohesabika vilivyosongamana ubavuni. Kanuni mpya zikafagia vingi vya vijipande hivyo na kuyarudisha mahandaki mawili chini ya sakafu, kusudi gari linalofuata nyuma lisisumbuliwe sana na hewa iliyovurugwa na lililo mbele.

Pamoja na mahandaki likarudi tatizo lake. Gari likienda kasi hufyonzwa chini. Likishuka, ufyonzaji huzidi. Likishuka zaidi, njia ya hewa huziba, nguvu hukatika ghafla, na springi hulirusha gari juu. Likifika juu hewa hupita tena, na gari hufyonzwa tena. Hayo hutokea mara kadhaa ndani ya sekunde moja, kwenye mwendo wa karibu kilomita 300 kwa saa. Mafundi waliuita mruko huo kwa jina la pomboo, na mtu wa pwani aliyewahi kumwona pomboo akizama na kuibuka mbele ya chombo hahitaji mchoro. Ndani ya gari, kila mzamo na kila mwibuko huishia kwenye uti wa mgongo wa dereva.

Karibu timu zote zilikumbwa na mruko huo mwezi Februari. Red Bull walikuwa na mchoraji wa magari Adrian Newey, ambaye tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Southampton ilihusu magari ya aina hii enzi zile yalipokuwa yakishindana, na gari lao, RB18, likatulia mapema. La Mercedes halikutulia.

Watu wenye handaki la upepo na kompyuta za kukokotoa mtiririko wa hewa walikosaje kuliona? Swali hili ni la haki, na humo ndimo ulimo ugumu wote wa kazi hii. Kanuni zinaruhusu mfano wa gari usiozidi asilimia 60 ya ukubwa halisi, na upepo usiozidi mita 50 kwa sekunde, sawa na kilomita 180 kwa saa. Mruko wa pomboo huanza kwenye mwendo mkubwa kuliko huo. Mfano wenyewe hushikiliwa na mkono wa chuma. Hauna springi za kweli, hauna uzito wa kweli, hauna mtu ndani, wala hauwezi kuachwa urukeruke juu ya mkanda unaozunguka chini yake bila kuuharibu. Isitoshe, kanuni humbania bingwa: tangu 2022, aliyeongoza mwaka uliopita hupewa asilimia 70 tu ya kipimo cha msingi cha muda wa handaki, na kila nafasi inayofuata huongezewa asilimia 5. Kwa hiyo Mercedes, wakiwa na muda uliobanwa, walilitazama gari lililoshikwa, lililotulia, lililokaa karibu kabisa na ardhi, na kwenye kimo hicho tarakimu zilikuwa tamu. Wakalichora gari zima liishi kwenye kimo hicho.

Barabarani, kimo hicho hakikukalika. Ukilinyanyua gari, mruko hupungua, lakini unakuwa umeiacha nguvu iliyokuwa sababu ya kulichora hivyo. Ukikaza springi, gari hutulia kwenye lami laini, kisha hupiga matuta na kingo za barabara kama halina springi kabisa. Ukikata kipande cha ukingo wa sakafu ili hewa ipumue, unapoteza tena kidogo. Kila tiba ilikuwa na bei, na bei zote zililipwa kwa sekunde.

Sisi watazamaji tulikimbilia mashavu. Yalikuwa ndiyo kitu kigeni kinachoonekana, na jicho hulaumu linachokiona. Hoja haikuwa ya kipumbavu: mashavu yakiwa membamba, eneo kubwa la sakafu hubaki wazi bila kitu cha kulishika kutoka juu, na sakafu inayopepea huuchochea mruko. Ndiyo maana FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, baada ya Barcelona iliruhusu timu zifunge kijiti cha kuushikilia ukingo wa sakafu. Lakini wahandisi wa Mercedes hawakukubali haraka kwamba kosa liko kwenye mashavu, na nawaheshimu kwa hilo. Kubadilisha umbo la nje ili kelele zitulie ni rahisi. Usipojua kwa nini la kwanza limeshindwa, la pili nalo ni kamari, na mwaka ule hapakuwa na fedha ya kamari.

Ukomo wa matumizi ya timu kwa 2022 ulikuwa dola milioni 140 kabla ya marekebisho ya mfumuko wa bei. Kwa masikio ya mtu wa kawaida huo ni utajiri usiomithilika. Kwa kiwanda cha langalanga ni kamba fupi. Kila bawa linalovunjikia ukutani hula fedha iliyotengwa kwa bawa jipya. Fremu kuu anamoketi dereva haibadilishwi katikati ya msimu hivihivi, maana kuunda nyingine na kuipitisha tena kwenye majaribio ya kugongwa kungemeza kila kitu. Na kufanya majaribio barabarani msimu unapoendelea kumepigwa marufuku tangu 2009, ukiacha machache kama yale ya kampuni ya matairi. Zamani Ferrari waliweza kulizungusha gari kwenye uwanja wao wa Fiorano kutwa nzima. Sasa fundi ana mazoezi matatu katika wikendi ya kawaida, kila moja dakika 60, na katika hayo lazima pia amwandae dereva kwa mbio.

Nenda basi uyatazame mazoezi ya Ijumaa kwa jicho la fundi. Gari hutoka limefungwa fremu pana zenye safu za mirija midogo nyuma ya magurudumu ya mbele. Kila mrija unapima shinikizo la hewa mahali pake, na dereva anaagizwa aende mwendo mmoja usiobadilika, asikimbie. Lingine hutoka limepakwa unga wa kijani unaong'aa, uliochanganywa na mafuta mepesi. Likirudi, unga umekauka kwa mistari, na mistari hiyo ndiyo njia halisi iliyopitwa na hewa juu ya ngozi ya gari. Fundi huinama na kamera na kupiga picha haraka kabla wenzake wa gereji jirani hawajaiona. Chini ya sakafu, vihisishi vya leza vinapima umbali kati ya gari na lami mara nyingi katika kila sekunde. Usiku huohuo, Brackley, kijimji cha Northamptonshire yalipo makao ya timu, watu wameketi na tarakimu hizo wakizilinganisha na zile za handaki, wakitafuta mahali pa kwanza ambapo hadithi hizi mbili zinatengana.

Kisha kuna mikono. Vitambaa vya kaboni vilivyoloweshwa gundi huhifadhiwa kwenye majokofu ili visikauke kabla ya wakati. Hutolewa, hukatwa kwa vipimo, na hulazwa ndani ya umbo tabaka juu ya tabaka, kila tabaka nyuzi zake zikielekezwa upande wake, kazi inayofanywa na mtu kwa vidole na vifaa vidogo vya kusugulia. Halafu umbo zima huvikwa mfuko, hewa yote hufyonzwa, na huokwa kwenye tanuri la shinikizo. Nyuzi zikielekea kombo kidogo, kipande kitapinda pale ambapo hesabu ilisema hakitapinda, na mhandisi atakaa wiki nzima akilitafuta kosa kwenye hewa wakati limo kwenye kitambaa. Ikitokea mchoro umechelewa, kipande kilichotoka tanurini hupelekwa uwanja wa ndege kikiwa ndani ya mzigo wa mkononi wa mfanyakazi. Majina ya watu hawa hayatajwi jukwaani. Nimeona niwataje hivi, kwa kazi yao.

Matokeo ya mwanzo wa msimu ule yanajulikana. Bahrain, madereva wa Mercedes, Lewis Hamilton na George Russell, walimaliza wa 3 na wa 4, lakini ni kwa kuwa magari yote mawili ya Red Bull yalizimika mwishoni. Wiki iliyofuata, Jeddah, Hamilton, bingwa wa dunia mara saba, hakuvuka hata hatua ya kwanza ya kupanga nafasi za kuanzia. Imola, mwezi Aprili, alimaliza wa 13, na kiongozi wa timu, Toto Wolff, alimwomba radhi redioni kwa gari alilopewa. Kisichosemwa vya kutosha ni kwamba katika miezi hiyo gari la Hamilton ndilo lililobebeshwa majaribio mengi: kimo hiki, springi zile, vihisishi vya ziada vyenye uzito wake. Dereva wa hadhi yake alikubali kuipoteza Jumamosi ili wahandisi wawe na jibu siku ya Jumatatu. Nalihesabu hilo kuwa sehemu ya ufundi, sawa na kazi ya aliyelaza kitambaa.

Jibu la kwanza lilikuja Barcelona mwezi Mei. Timu ilileta sakafu iliyofanyiwa kazi upya, na mruko wa pomboo ukapungua sana. Russell alimaliza wa 3. Hamilton, aliyegongana na Kevin Magnussen kwenye mzunguko wa kwanza na kubaki nyuma ya karibu wote, alipanda hadi nafasi ya 5. Ilionekana mgonjwa amepona. Wiki iliyofuata wakaenda Monaco, kisha Baku, barabara za mjini zenye viraka na mabonde, na gari likaanza upya kumpiga dereva. Baku Hamilton alimaliza wa 4, akashuka garini kwa shida, mkono mgongoni.

Hapa ndipo penye somo la ufundi lililonivuta kuandika. Mercedes waligundua kwamba tangu mwanzo walikuwa na magonjwa mawili yenye dalili moja. La kwanza lilikuwa la hewa, yaani pomboo. La pili lilikuwa la chuma: gari lililochorwa likae chini mno lilihitaji springi ngumu mno, na springi ngumu haina huruma kwenye tuta. Muda wote ambapo la kwanza lilikuwa likipiga kelele, la pili halikusikika. Walipolinyamazisha la kwanza ndipo la pili likajitokeza, na kwa mtazamaji lilionekana kama kurudi nyuma. Andrew Shovlin, aliyesimamia uhandisi wa uwanjani, alijitokeza mara kwa mara mwaka ule kueleza mambo haya kwa utulivu, bila kujificha nyuma ya maneno. Ni vigumu kueleza hadharani kwamba unaelewa zaidi kuliko jana ilhali jedwali linasema uko palepale.

Kuhusu FIA nitapita haraka. Kabla ya mbio za Kanada mwezi Juni ilitoa agizo la kupima mtikisiko wa wima wa kila gari, na kuanzia Spa mwezi Agosti kipimo hicho kikawa na ukomo wake. Wapinzani walinung'unika kwamba Mercedes wanasaidiwa. Sidhani mgongo wa dereva ni mahali pa kujadiliana ushindani. Na kwa vyovyote, Spa haikuwasaidia.

Hungary mwishoni mwa Julai, Russell aliongoza upangaji wa nafasi kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kesho yake Hamilton akawa wa 2 naye wa 3. Ikaja likizo ya lazima ya Agosti, ambapo viwanda vyote hufungwa. Waliporudi Spa, gari lilikuwa nyuma kwa karibu sekunde mbili katika mzunguko mmoja wa kupanga nafasi. Wiki moja baadaye, Zandvoort, gari hilohilo lilikuwa likigombea ushindi na Russell akamaliza wa 2. Fikiria ni nini maana ya hayo kwa mhandisi. Gari likiwa bovu kila mahali, unalijua. Gari linalokuwa zuri Jumapili hii na bovu Jumapili ijayo linakutaka ujue tofauti ya lami, ya upepo, ya joto, ya urefu wa barabara iliyonyooka, na ujue ipi kati ya hizo ndiyo iliyosema kweli.

Halafu Brazil. Wakiwa na maboresho ya mwisho yaliyofika Austin mwezi Oktoba, Mercedes walitawala Interlagos: Russell alishinda mbio fupi ya Jumamosi, na tarehe 13 Novemba akashinda mbio kuu, Hamilton akiwa wa 2. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Russell na wa pekee wa timu mwaka ule. Niliufurahia sana. Lakini miaka imenifanya niutazame kwa jicho jingine, kwa kuwa siku hiyo njema ndiyo iliyowapoteza. Ilionekana kuthibitisha kwamba fikra ya msingi ni sahihi na kilichobaki ni kuinyoosha. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Na mtu aliyeteseka mwaka mzima kwa ajili ya mchoro wake anahitaji nguvu isiyo ya kawaida ili auhukumu mchoro huo siku ulipomfurahisha. Wiki moja baadaye, Abu Dhabi, Russell alikuwa wa 5 na gari la Hamilton liliharibika. Msimu ulifungwa kwa pointi 515, nafasi ya tatu, na Hamilton hakuwa ameshinda mbio hata moja, jambo ambalo halikuwa limewahi kumpata tangu aingie mwaka 2007. Abu Dhabi ilisema kweli zaidi kuliko Brazil, ila hakuna aliyetaka kuisikiliza.

W14 ya 2023 ikachorwa juu ya fikra ileile. Tarehe 5 Machi, Bahrain, Hamilton alimaliza wa 5, sekunde 50 na zaidi nyuma ya mshindi. Mbele yake, katika nafasi ya 3, alikuwa Fernando Alonso wa Aston Martin, timu iliyokuwa ikinunua injini ya Mercedes, giaboksi ya Mercedes, sasipensheni ya nyuma ya Mercedes, na kulitumia handaki la upepo la Mercedes kule Brackley. Sijui kipimo kikali zaidi ya hicho. Kila kisingizio kilichowezekana kilikuwa kimeondolewa na mteja wao wenyewe. Wolff alitamka hadharani wikendi hiyohiyo kwamba njia hiyo haitawafikisha na itabidi wageuke. Mwezi Aprili James Allison alirudi kwenye kiti cha mkurugenzi wa ufundi, akibadilishana nafasi na Mike Elliott.

Gari jipya kimsingi lilikuwa lizinduliwe Imola mwezi Mei, lakini mafuriko ya Emilia-Romagna yalifuta mbio hizo, likatolewa Monaco: mashavu mapana, sakafu nyingine, sasipensheni ya mbele nyingine. Barcelona, Juni 4, Hamilton alikuwa wa 2 na Russell wa 3. Mwaka uliisha kwa nafasi ya pili katika jedwali, pointi 409 dhidi ya 406 za Ferrari, na bila ushindi hata mmoja. Mashavu hayakuwa ugonjwa wote; wahandisi walikuwa wamesema hivyo tangu 2022. Na kulikuwa na jambo moja lisilobadilishika katikati ya msimu: kiti. Hamilton alilalamika kwamba ameketi mbele mno, karibu na magurudumu, kiasi kwamba hakihisi kisogo cha gari kinapoanza kuteleza. Kiti kimo ndani ya fremu kuu, na fremu kuu husubiri mwaka mpya.

Mwaka huohuo, McLaren walionyesha kwamba njia inaweza kuwa fupi. Andrea Stella, kiongozi mpya wa timu, alisema tangu uzinduzi wa Februari kwamba hawajaridhika na gari walilolileta. Walianza vibaya kweli. Bahrain Lando Norris alimaliza wa 17. Maboresho makubwa ya Austria mwanzoni mwa Julai yakamfikisha wa 4, na wiki moja baadaye, Silverstone, akawa wa 2 na Oscar Piastri wa 4. Mwaka uliofuata McLaren walikuwa mabingwa wa timu, kwa mara ya kwanza tangu 1998. Wengi huisimulia hadithi hii kama muujiza wa Julai. Mimi naiona Februari, siku kiongozi aliposimama mbele ya gari lililofunikwa rangi mpya na kusema halitoshi. Waliokuwa wakilichora jingine walikuwa wameshaanza.

W15 ya 2024 ilikirudisha kiti nyuma. Hata hivyo gari lilianza msimu likisumbua: likiwekwa sawa kwa kona za polepole, liliyumba kwenye kona za kasi, na kinyume chake. Dawa ilipatikana kwenye bawa jipya la mbele, lililofungwa kwanza kwenye gari la Russell kule Monaco kwa kuwa lilikuwa moja tu. Kanada, Russell aliongoza upangaji wa nafasi. Austria, Juni 30, alishinda baada ya waliokuwa mbele yake kugongana. Na Julai 7, nyumbani Silverstone, Hamilton alishinda, siku 945 baada ya ushindi wake uliotangulia.

Mwisho wa mwezi huo walikuwa Spa, na walikuja na sakafu mpya. Ilikuwa imepita kwenye handaki na kwenye kompyuta. Ijumaa, mazoezini, magari hayakutulia; mtikisiko ulirudi. Naamini mwaka 2022 wangeishi nayo: wangepandisha kimo, wangekaza springi, wangetafuta uwanja mwingine wa kuithibitisha. Safari hii waliing'oa na kuirudisha ya zamani kwenye magari yote mawili, na Jumapili, Julai 28, yakavuka mstari la kwanza na la pili. Russell, aliyetangulia, alifutiwa matokeo mizani ilipoonyesha gari lake limepungua kilo 1.5 chini ya uzito unaotakiwa, na ushindi ukaenda kwa Hamilton. Watu wengi wanaikumbuka wikendi hiyo kwa kilo hiyo moja na nusu. Mimi naikumbuka kwa uamuzi wa Ijumaa, ambapo watu wale wale walioichora sakafu mpya na kuilaza kitambaa kwa kitambaa waliifungua kutoka garini baada ya mazoezi ya siku moja, kwa kuwa lami ilikuwa imeikataa.